Barua kwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni: Hotuba Niliyoshindwa Kuifundisha

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili ya kutwa. Sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote wa serikali, na hii nayo nimeichana mara mbili kabla ya kuituma. Kilichonisukuma ni swali la mwanafunzi.

Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, Urusi ilipotangaza kuwa inayatambua maeneo mawili ya Ukraine, Donetsk na Luhansk, kama nchi huru, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama mbele ya Baraza la Usalama. Alisema mipaka yetu hatukuichora sisi. Ilichorwa London, Paris na Lisbon, na ndugu wa damu moja wakajikuta ng'ambo hii na ile. Tukaikubali hivyo hivyo, kwa sababu kila taifa la Afrika lingeanza kuwafuata watu wake kuvuka mpaka, tungekuwa tunapigana mpaka leo. Hotuba ile ilisikika dunia nzima. Niliichapisha, nikaigawa darasani, nikawaambia wanafunzi wangu: someni, hii ni sauti ya Kenya. Machozi yalinilenga, na sioni haya kusema hivyo.

Nimeifundisha kila mwaka tangu hapo. Muhula uliopita msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwa Kenya, Sahara Magharibi ni nchi au si nchi?" Nikamwambia nitamjibu kesho yake. Bado sijamjibu.

Nitamjibu nini, Mheshimiwa? Sahara Magharibi, iliyo kusini mwa Morocco, ilikuwa koloni la Uhispania. Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Morocco haikuwa na mamlaka juu ya ardhi ile ya kuwanyima Wasahrawi, wenyeji wake, haki ya kujiamulia mambo yao. Wiki chache baadaye Morocco ikaingia. Mwaka 1991 vita vilisimamishwa kwa ahadi ya kura ya maoni, na kura hiyo haijapigwa mpaka leo. Wapo watu waliozaliwa, wakaoa na kupata wajukuu katika kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, wakiisubiri. Jamhuri yao ni mwanachama wa Umoja wa Afrika kama sisi. Kenya iliitambua mwaka 2005.

Septemba 2022 rais wao, Brahim Ghali, alikuwa mgeni wetu katika sherehe ya kuapishwa kwa Rais Ruto, uwanjani Kasarani. Kesho yake tu, baada ya waziri wa Morocco kupokewa Ikulu, ilitangazwa mtandaoni kwamba Kenya imeacha kuitambua nchi ya mgeni yule. Kisha tangazo likafutwa. Kisha wizara hiyo unayoiongoza ikaandika kwamba sera ya Kenya haiendeshwi kwenye Twitter na kwamba msimamo wetu ni ule ule wa Umoja wa Afrika. Nilishusha pumzi. Nikadhani ni makosa ya siku za mwanzo. Lakini Mei 2025, mjini Rabat, Kenya ilitia sahihi taarifa ya pamoja inayousifu mpango wa Morocco wa kuwaacha Wasahrawi chini ya bendera yake. Watu wale wale tulioapa mbele ya ulimwengu kwamba hatuwezi kuona nchi kubwa ikimeza jirani yake tukanyamaza!

Sudan inaniuma zaidi, maana huko tulikuwa na jina. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002, mazungumzo marefu ya Naivasha, na mkataba wa Januari 2005 uliotiwa sahihi Nairobi, uliomaliza vita vya serikali ya Sudan na waasi wa kusini, ni kazi ya mikono yetu. (Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyewasuluhisha, anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa katika vitabu vyetu.) Februari 2025, miaka mitatu baada ya hotuba ya Kimani, wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, walikusanyika katika jumba la mikutano la KICC na washirika wao, na humo humo Nairobi wakatia sahihi hati ya kuunda serikali yao wenyewe. Mwezi mmoja tu nyuma Marekani ilikuwa imetangaza kwamba kundi hilo limefanya mauaji ya kimbari. Waliouawa El Geneina, huko Darfur, kwa sababu tu ni wa kabila la Wamasalit, walitafutwa nyumba kwa nyumba.

Serikali ilijitetea kwamba tulitoa ukumbi tu kwa ajili ya amani, kama zamani. Samahani, Mheshimiwa, lakini si kama zamani. Machakos waliketi mahasimu wawili, serikali ya Khartoum upande huu na waasi wa kusini, SPLM, upande ule, na katikati yao msuluhishi. KICC waliketi wa upande mmoja. Sudan ilimwita nyumbani balozi wake, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, majani chai yakiwemo. Kwa hiyo hata hayo maslahi ya taifa ninayoambiwa kila ninapolalamika, sijui mkulima wa chai aliyaona wapi.

Na wageni wetu je? Tarehe 9 Oktoba 2024 Kenya ilichaguliwa kuingia katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Siku tisa baadaye wakimbizi wa Kituruki walitekwa nyara Nairobi, na serikali ikakiri kwamba wanne kati yao wamerejeshwa Uturuki. Mwezi uliofuata Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa jijini humo humo, akaja kuonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Hayo sitayaongeza neno.

Mheshimiwa, sikuombi Kenya igombane na kila mtu. Najua mbolea ya Morocco inatafutwa, najua madeni, na najua nchi ndogo huchagua maneno. Ninachoomba ni kidogo. Liambie Bunge, kwa maandishi, kama Kenya bado inaitambua Jamhuri ya Wasahrawi au la, na kama msimamo umebadilika, ni nani aliyeubadilisha na kwa malipo gani. Liambie pia ni nani aliyeidhinisha mkutano ule wa KICC. Kisha usimame pale pale aliposimama Kimani uyarudie maneno yake, ukiwataja Wasahrawi na watu wa Darfur kama yeye alivyowataja Waukraine.

Karatasi za hotuba ile bado ziko kwenye kabati la walimu, nakala arubaini, zimeanza kukunjika pembe. Sijazitupa. Yule msichana sasa yuko Kidato cha Nne, na tukipishana ujiani hunitazama tu, bila kuuliza tena.

Wako,
Mwalimu wa Historia na Serikali