Neema, achana kwanza na lile jedwali

Kongwa, Dodoma
Agosti

Neema rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo chuoni. Sisi hatujambo, ila upepo wa kiangazi umeanza na vumbi halina adabu.

Umeniandikia kwamba jedwali la aina za epithelia, yaani tishu zinazofunika mwili nje na kutanda ndani ya viungo, linakutoka kichwani kila ukifunga daftari. Liache kwanza. Ukitajiwa sehemu ya mwili, jiulize: hapa panapita nini, na panasuguliwa na nini? Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu oksijeni inatakiwa ipenye upesi, basi pana tabaka moja la seli bapa. Kwenye umio chakula kinakwaruza kila siku, basi tabaka ni nyingi; za juu zikibanduka, za chini zinapanda. Ngozi ni vilevile, ila seli zake za juu zimekufa na kujaa keratini, ile protini ngumu, ili tusikauke. Utumbo mwembamba una seli ndefu za kufyonza, na hizo hazidumu, siku 3 hadi 5 zimeshabadilishwa. Za figo, zenye umbo la mchemraba, utazimudu mwenyewe. Niipendayo mimi ni ya kibofu: kikijaa, seli hutandaa; kikiwa kitupu, hurudi kuwa nene, na mkojo haupenyi kurudi mwilini.

Vumbi letu hili hunaswa na ute kwenye bomba la hewa, kisha silia, vijinywele vya juu ya seli, hulisukuma juu hadi kooni. Mvuta sigara wa miaka mingi huzipoteza silia, seli zake zikageuka bapa. Kile kikohozi chake cha asubuhi ndicho kinachobeba kazi ya silia.

Usisahau pia kwamba epithelia haina mishipa ya damu. Hulishwa na tishu unganishi iliyo chini yake. Neva lakini zinafika, ndiyo maana konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikikwaruzwa kidogo tu machozi yanakutoka.

Na hapo kwenye konea ndipo somo hili linapotuhusu watu wa Kongwa. Trakoma, yaani vikope, husababishwa na bakteria wanaoingia ndani ya seli za epithelia upande wa ndani wa kope. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kovu hujengeka mpaka ukingo wa kope ukageukia ndani, nywele zikawa zinasugua konea kila anapopepesa. Epithelia ikichubuka, vijidudu vingine hupata mlango, konea hupata ukungu, na mtu anapofuka akiwa mtu mzima. Kina mama huumia zaidi, maana ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi. Utafiti uliofanyika hapahapa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa, kulipunguza trakoma kali. Kunawa uso ni rahisi kusema, lakini wewe unaijua foleni ya ndoo kisimani mwezi kama huu.

Tezi nazo zimetokana na epithelia, ila hizo zina mambo yake. Ukija likizo njoo na daftari, tutazimaliza.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Mariamu