Barua kwa mwanangu: yule mwenzako aliyeanguka

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mnatazama filamu ya mapepo, usiku huohuo mwenzenu anaanguka bwenini, wasichana wanamzunguka kumkemea shetani, na mmoja anamkandamiza mikono. Nawe ukaogopa kumgusa kwa sababu ya povu.

The Exorcist ya 1973 naijua. Wewe umeniandikia juu ya shingo inayogeuka nyuma. Mimi sijamsahau yule mama wa binti anayesemekana kupagawa. Kabla ya kutafuta padre, alimzungusha mwanawe kwa madaktari mpaka wakaishiwa la kusema. Na Padre Karras, ambaye ni daktari wa akili pia, alimnyunyizia yule binti maji akimwambia ni ya baraka. Binti akapiga mayowe kana kwamba anaungua, kumbe yalikuwa ya bomba. Padre akazidi kusita. Hapo mlipokuwa mnapiga kelele ndipo palipotakiwa kutazamwa kwa utulivu.

Hata Kanisa letu halikimbilii kupunga pepo. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inasema padre haruhusiwi kumpunga mtu bila idhini ya wazi ya Askofu, na utaratibu uliotolewa 1999 unamtaka ajiridhishe kwanza kwamba si ugonjwa. Sasa wasichana wa kidato cha pili walipewa idhini na nani?

Ujerumani alikuwepo msichana aitwaye Anneliese Michel, mwenye kifafa. Askofu alitoa ruhusa, mapadre wawili wakamsomea sala za kupunga mara 67. Matibabu yakaachwa, chakula akakataa. Alikufa tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23, uzito wake kama kilo 31. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadre hao kwa uzembe uliosababisha kifo. Nawafikiria sana wale wazazi. Walimpenda mtoto wao.

Kovu la mkono wa mjomba wako umeliona. Tulikuambia aliungua akiwa mdogo, tukaishia hapo. Alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni, mwaka wa nne wa kupelekwa kwa waombaji. Mimi ndiye niliyekuwa namshika miguu wakati wa maombi, kwa kuwa nilikuwa na nguvu. Alikuwa akilia, “Dada, niache.” Vidonge vya kifafa alianza baada ya moto ule.

Maji ya baraka siyadharau, chupa iko hapa kabatini, na rozari yako uivae. Ila mwenzako akianguka tena, mwondolee vitu vigumu karibu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Povu ni mate tu, haliambukizi. Tazama saa: zikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Akizinduka atakuwa na aibu na uchovu, kwa hiyo wafukuze watazamaji, ukae naye.

Kesho nampigia matroni nimwombe ampeleke akapimwe. Kama wazazi wake wako mbali, nauli nitatuma mimi. Jumapili ukipata simu, nieleze amelalaje, na kama wasichana wamerudi kulala karibu naye. Wakikataa, hamishia godoro lako wewe.

Mama yako