Zohali haimpondi mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, sio kwa ubaya jamani, ila ile makala yenu ya sayari imenikera pale mliposema eti sayari ikiwa kubwa basi na graviti yake, yani uvutano wake, nayo inakuwa kubwa vilevile. Mwanangu kaisoma akanijia mbio, baba kumbe mtu akienda Zohali anabanwa chini hata kunyanyua mkono hawezi! Nikamwambia tulia kwanza, lete kalamu.

Zohali ina masi (wingi wa vitu vilivyomo ndani yake) mara 95 ya Dunia, hapo hamjakosea. Ila uvutano hauangalii masi peke yake, unaangalia pia uko mbali kiasi gani na kitovu cha sayari, na huo umbali ndo unaotafuna nguvu vibaya mno, maana ukienda mara mbili uvutano unabaki robo, ukienda mara tatu unabaki moja ya tisa. Sasa Zohali yenyewe imevimba, kutoka katikati mpaka juu ya mawingu ni kama mara tisa na nusu ya Dunia, zidisha hiyo tisa na nusu kwa yenyewe unapata 90 hivi, halafu 95 gawanya kwa 90, umebaki na moja na kitu. Yani mtu ambaye mizani hapa inamsomea kilo 70, kule ingemsomea kama 74. Kilo nne tu! Dogo alisikitika kweli, alitaka mtu apondwe.

Uranusi ndo kichekesho kabisa, masi yake mara 14 na ushee ya Dunia na bado kule ungekuwa mwepesi kuliko hapa, kilo 62 au 63, karibu sawa na Zuhura ambayo masi yake haifikii hata ya kwetu. Halafu kuna Utaridi na Mirihi. Utaridi ina kama nusu tu ya masi ya Mirihi lakini zote mbili uvutano wake ni 3.7 (Dunia ni 9.8, yani kitu kikianguka kinaongeza kasi mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde), kwa sababu Utaridi ni kadogo kalikoshonana, tumbo lake karibu lote ni chuma, kwahiyo ukisimama juu yake uko karibu zaidi na kitovu.

Inayolemea kweli ni Mshtarii peke yake, Jupita hiyo, mara mbili na nusu ya hapa. Lakini nayo pa kusimama hakuna, ni gesi tupu, wataalamu wamechagua tu ule usawa wa mawingu ambapo presha inalingana na ya usawa wa bahari huku kwetu wakasema haya, huu ndo uso. Ukiweka mizani pale mnaanza kudondoka wote wawili na isingesoma kitu.

Kingine ni ile chati yenu iliyoandika "masi yako Mwezini" halafu mkagawanya kwa sita. Hapana bwana. Kinachopungua ni uzito, masi iko palepale. Chukua mizani ya springi uende nayo Mwezini, wa kilo 70 itamwonyesha kama 11 na nusu, lakini chukua ile ya mawe, upande huu mzigo upande huu mawe, itakupa jibu lilelile la hapa coz mawe nayo yamekuwa mepesi. Na ukiusukuma huo mzigo kwenye sakafu laini isiyo na msuguano unakataa kuanza kwenda vilevile kama Duniani.

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini, aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja mbele ya kamera kule Mwezini, vikatua sawia kwa vile hewa hakuna. Watu wanatazama unyoya, mi huwa natazama ile nyundo, inavyochelewa. Kitu ukikiachia kutoka mita moja na nusu hapa kinagonga chini kama nusu sekunde, kule kinachukua sekunde 1.4 hivi, unaona kabisa kinashuka kama hakina haraka.

Basi mkirudia hiyo chati ongezeni safu ya umbali toka kitovuni, mtoto atapiga hesabu mwenyewe. Neptuni nimemwachia dogo: masi mara 17, umbali mara 3.9. Hajarudi bado.

Msomaji wenu wa kila siku