Jina la duka halihami kwa kupeana mikono

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi hapa Mombasa wanapouza duka la halua au viungo huandikiana mkataba wa rafu, mizani na pango, kisha jina wakalisahau. Jina lililosajiliwa kuwa nembo ya biashara ni mali kamili na huhama kwa hati yake.

Hati hiyo itaje nambari ya usajili, pande mbili kwa majina yao kamili, na kila daraja linalouzwa (yaani kundi la bidhaa au huduma ambalo nembo imesajiliwa), sawasawa na daftari la KIPI, taasisi ya serikali inayosajili nembo. Kwenye madaraja ndipo watu hujikwaa. Halua iko daraja la 30, udi la 3, mkahawa la 43. Ukinunua la 30 peke yake kisha ukafungua mkahawa Mwembe Tayari kwa jina lilelile, muuzaji aliyebaki na la 43 anaweza kukushtaki. Hati ikishatiwa saini, ipelekwe KIPI mnunuzi aandikwe mmiliki. Isipoandikishwa, mahakama yaweza kuikataa kama ushahidi. Na kabla ya kulipa, hakikisha usajili uko hai: ni miaka 10, kisha huhuishwa.

Kukodisha jina ni jambo jingine. Mwenye nembo hubaki mwenyewe, basi mkataba useme eneo, muda, malipo na, zaidi ya yote, ubora: samli au mafuta, iliki kiasi gani kwa karai moja, nani anakagua na lini. Asiyekagua hujikuta jina lake limebandikwa kwenye halua isiyo yake (na ndimi za Mji wa Kale hazidanganyiki).

Nembo iliyolala miaka 5 mfululizo bila kutumika, mtu mwingine anaweza kuomba ifutwe.

Msomaji,
Mombasa