Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: kibali kimefika Jumatatu, mashindano yalikuwa Jumamosi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naomba nianze na shukrani: kibali cha wanafunzi wetu wanane kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya roboti tumekipata. Kimesainiwa, kimegongwa mhuri, nakala zimetajwa zote hadi ya Mtendaji wa Kata. Kasoro yake ni ndogo tu. Kimetufikia Jumatatu saa nne asubuhi, na mashindano yalikuwa Jumamosi.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule fundi redio aliyesimama pembeni ya meza siku ya mahafali ya kidato cha nne mwaka jana, wewe ukiwa mgeni rasmi. Kigari cha watoto, ile roboti yao, kilitoka kwenye mstari mweusi kinaoufuata kikaja moja kwa moja kukuparamia kiatu. Ulicheka mpaka ukatoa leso. Ukamuuliza binti wa kidato cha pili aliyekiandikia programu, mbona kinanifuata mimi? Akakujibu kwamba kinafuata rangi nyeusi, na kiatu chako kimepigwa kiwi vizuri. Ukapanda jukwaani ukasema hawa ndio wahandisi wetu, ukaahidi kompyuta mbili na chumba chenye umeme wa uhakika, ukamaliza kwa kusema ofisi yako iko wazi kwao wakati wowote. Kuna mzazi alirekodi. Video tunayo.

Ofisi ni kweli iko wazi, maana mimi nimeingia mara saba. Barua ya mkuu wa shule ilipokelewa masijala wiki tano kabla ya safari. Mara ya kwanza niliambiwa jalada limepanda. Mara ya pili, limeshuka lakini lina maelekezo. Mara ya tatu mhusika yuko semina. Mara ya tano nikaambiwa barua haikupitia kwa Afisa Elimu Kata, nikaigeuza karatasi nikawaonyesha mhuri wake nyuma. Kila siku ya namna hiyo kibanda changu kilifungwa. Mteja mmoja alikuja mara mbili kufuata sabufa yake, ya tatu akaichukua mbovu vilevile akaipeleka kwa jirani. Kodi ya kibanda nadaiwa. Silii njaa kwako, nakueleza tu bei ya saini yako.

Na hicho kigari usidhani kilinunuliwa dukani. Betri zake tumezitoa kwenye laptop zilizokufa. Pakiti ikifa, mara nyingi ni seli moja au mbili ndizo zimezimika, zilizobaki zina uhai. Watoto walizipima moja moja kwa mita yangu. Tairi ni kandambili iliyokatwa, kwa sababu plastiki tupu inateleza. Kuchomea waya nimewafundisha mimi, na vidole vyao vina alama za kuungua na risasi ya kuchomea. Kilichotusumbua kuliko vyote ni jua. Sensa inayosoma mstari mweusi ilikuwa ikipigwa na mwanga wa dirishani inachanganyikiwa, kigari kinazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Wiki mbili tukilaumu programu! Mpaka siku mvua iliponyesha, wingu likatanda, kikaenda sawasawa. Tangu hapo dirisha linazibwa na kanga mbili za mama zao.

Yote hayo ni kwa ajili ya dakika mbili na nusu. Ndio muda roboti inaopewa mezani kwa sheria walizokuwa wakifuata, zilizotoka kwenye mashindano ya FIRST ya Marekani. Baada ya hapo majaji wanakaa na watoto wenyewe, bila mimi wala mwalimu kuwajibia, wanauliza nani alifanya nini na mlikwama wapi. Hadithi ya jua na kanga walikuwa wameifanyia mazoezi mpaka wanasimuliana kwenye foleni ya chakula.

Kwa nini kibali kilichelewa, nabahatisha tu. Wapo wanaosema kuna kitu kidogo kilisubiriwa; hilo sitaki kuliamini. Mwingine akaniambia wakubwa wanaogopa, kwa sababu mwaka 2017 vijana sita wa Burundi waliokwenda mashindano ya roboti Washington walitoweka, wawili wakaonekana wakivuka kuingia Kanada. Ni kweli ilitokea. Ila Dar es Salaam, Mheshimiwa, haipakani na Kanada.

Mwaka huohuo, mashindano hayohayo, wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza ya Marekani mara mbili. Dunia ikapiga kelele, wakaruhusiwa siku chache kabla, wakaenda, wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Wale walikataliwa mara mbili wakafika. Sisi hukutukataa hata mara moja, na hatukuvuka hata Chalinze.

Jumamosi ile watoto walifika shuleni saa kumi alfajiri, sare zimepigwa pasi, roboti ndani ya boksi la viatu. Kosta imewaka. Mkuu wa shule akasubiri simu kutoka kwenu mpaka saa tatu, akawarudisha nyumbani. Simlaumu. Likitokea la kutokea njiani bila kibali, ni yeye anayefungwa. Mwenye gari alinirudishia nusu ya advansi. Binti wa programu aliniuliza, "Fundi, kwani tulikosea wapi?" Nilimwambia hawakukosea. Sidhani kama aliniamini, maana hajarudi klabu tangu siku hiyo.

Mheshimiwa, kompyuta sidai tena. Chumba chenye umeme sidai, tutaendelea kubanana na mgao. Mimi si mtumishi wako, kwa hiyo huwezi kunihamisha kwa kuandika haya, na mwalimu wao hajui kama nimeandika. Mwisho wa mwezi ujao kuna mashindano mengine. Barua ya kuomba kibali iko masijala kwako tangu Jumatano, imeshagongwa mhuri wa kupokelewa. Naomba saini moja. Naomba iwe kabla. Hata siku moja kabla, sisi tutakesha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi redio, mzazi

Nakala: Dereva wa Kosta, asichukue abiria wengine siku hiyo.