Mkono wa mrushaji nao uwe na kadi ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa Tanga na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya vijana wetu wanaopata nafasi za vyuo Marekani kupitia besiboli imenishinda kunyamaza. Mmemsifu kijana anayerushia timu mbili wiki nzima, wala hamkumuuliza kiwiko chake kina hali gani.

Sisi tunaishi Houston. Mwanangu ni mrushaji, yule anayemtupia mpira mpigaji, tangu ana miaka 9. Mwaka jana, akiwa na 14, Jumapili jioni tuko mezani, nikamwona anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Nikamkemea, nikamwambia hata kama amekulia huku, kwetu hakuliwi hivyo. Akachukua tonge kwa mkono wa kulia. Likafika kifuani, likaishia hapo. Kiwiko kilikuwa hakikunji. Machozi yanamlengalenga na bado ananiambia, "Samahani, mama."

Usiku ule tukahesabu. Alhamisi, timu ya mtaa, mitupo 70. Jumamosi, timu ya kusafiri, ile inayokwenda kucheza mashindano mbali, mitupo 64. Jumapili wakampanga kudaka, maana yake kurudisha mpira kwa mrushaji mchana kutwa. Mwongozo wa kulinda mikono ya warushaji vijana, Pitch Smart, uliotolewa mwaka 2014 na MLB, ligi kuu ya besiboli ya kulipwa, pamoja na USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, unasema mtoto wa miaka 14 asivuke mitupo 95 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku 4. Nikawafuata makocha. Kila mmoja akanionyesha karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa safi! Yupi amevuka 95? Hakuna. Yupi alimuuliza mtoto juzi alirusha wapi? Hakuna. Mkono ni mmoja, wanaouhesabu ni wawili, na hawajuani hata kwa simu. Mtoto mwenyewe alikuwa anaumia tangu Ijumaa, akanyamaza asije akapoteza namba. Watafiti wa ASMI, taasisi ya tiba ya michezo iliyoko Alabama, walishaonyesha tangu 2006 kwamba vijana waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji wa bega au kiwiko. Na upasuaji wa kiwiko unaojulikana zaidi ni ule Dk. Frank Jobe aliomfanyia mrushaji Tommy John mwaka 1974, mtu mzima wa miaka 31, anayelipwa kwa kazi hiyo. Leo wanalazwa watoto wa sekondari, na mzazi mwenzangu ananiambia uwanjani kwamba si neno, wakitoka pale wanarusha kwa kasi zaidi. Kasi zaidi! Mtoto anakatwa ukano sehemu nyingine ya mwili ukashonewe kwenye kiwiko, halafu anakaa mwaka mzima au zaidi bila kucheza mechi.

Halafu zile tochi za kupimia kasi. Nyumbani tochi ni ya trafiki, inamsubiri dereva anayekimbia. Huku baba wa mtoto wa miaka 11 anajinunulia ya kwake, anasimama nyuma ya wavu, na kila mtupo anasoma namba kwa sauti. Mtoto hamwangalii tena mdakaji, anamwangalia baba.

Pendekezo langu ni hili. Kwetu mtoto akihamia zahanati nyingine anakwenda na kadi ya kliniki, nesi mpya haanzi na sifuri. Mrushaji naye awe na kadi moja inayopanda naye kutoka timu ya mtaa mpaka sekondari mpaka chuo. Aishike mama, si mtoto. Kocha aandike idadi ya mitupo na kusaini kabla mtoto hajavua viatu. Pasipo kadi, harushi.

Ya mwanangu nimeichora mwenyewe kwenye daftari la mistari. Daktari alikuta ukano umechanika kidogo, akampumzisha miezi 4, na sasa amerudi. Kocha wa sekondari ameisaini. Wa timu ya kusafiri amekataa, na Jumamosi iliyopita mwanangu hakurusha.

Mama wa mrushaji,
Houston, Texas