Makopo ya kupulizia vumbi yana gesi inayowaka moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaonye wenye ofisi, mafundi na wachapishaji kuhusu yale makopo ya kupulizia vumbi yanayouzwa madukani pamoja na kibodi, wino na nyaya. Miezi ya jua kali vumbi jekundu la barabara za murramu hupenya kila mahali, na hapo ndipo makopo haya hununuliwa sana. Watu wanayaamini kwa kuwa yanatoa upepo mkavu usioacha alama. Lakini ndani ya kopo hamna hewa. Mna gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji, na katika makopo mengi gesi hiyo inashika moto kama ile ya mtungi wa jikoni.

Geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona difluoroethane, ambayo pengine huandikwa HFC-152a, au dimethyl ether, au butane na propane, jua umeshika gesi ya moto. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazojazwa kwenye mitungi ya kupikia. Alama yake ni mwali ndani ya pembenne nyeupe yenye ukingo mwekundu. Kuna gesi nyingine, HFC-134a, ambayo haiwaki katika hali ya kawaida, ila inapasha joto dunia mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ilhali HFC-152a ni mara 124. Tangu makubaliano ya kimataifa ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi za namna hii, zile zinazopasha joto sana kama HFC-134a zinabanwa, na viwanda vinazikwepa. Kwa hiyo kopo linalosifiwa kuwa halidhuru mazingira laweza kuwa ndilo linalowaka zaidi. Maneno ya rangi ya kijani kuhusu ozoni hayasemi lolote kuhusu moto. Na tafadhali, mtu asijaribu kwa kibiriti ili ajue.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kila fundi aijue. HFC-152a huanza kuwaka ikifika kama sehemu 4 kati ya 100 za hewa, na huendelea kuwaka mpaka sehemu 17 hivi. Chukua kasha la kompyuta ya mezani lenye nafasi ya lita 40. Ili hewa ya ndani iwe tayari kulipuka inatosha lita moja na nusu ya gesi, yaani kama gramu 4. Kopo zima la gramu 280 hutoa zaidi ya lita 100. Anayebonyeza mfululizo huku akihamisha mrija kutoka kona hadi kona ameshavuka kiwango hicho kabla vumbi halijaisha. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, haipandi ikapotelea darini. Inatulia chini ya kasha, inashuka sakafuni, inalala chini ya meza, mahali palepale tunapoweka soketi za kuunganishia nyaya na mashine ya kukatakata karatasi.

Mashine hiyo ya kukatakata karatasi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nyingi zina mota yenye brashi za kaboni, na brashi hizo hutoa cheche kila mota inapozunguka, hata ikiwa mpya kabisa. Chini yake kuna pipa lililofunikwa, pengine la lita 20, ambalo gramu 2 tu za gesi zinatosha kulifanya hatari. Pipa hilo limejaa vipande vikavu vya karatasi na ungaunga. Sasa mfanyakazi anaona meno yamekwama, anaingiza mrija wa kopo katikati ya visu, anapuliza, kisha anabonyeza kitufe ili mashine iteme vilivyokwama. Nyingine hazingoji kitufe: kihisio kikiguswa na kipande cha karatasi kilichorushwa na upepo, zinajiwasha. Mwali hutokea juu kupitia tundu la karatasi, na uso wa mtu uko papo hapo. Vitabu vya maelekezo ya mashine hizi vinakataza kupuliza kitu chochote cha kopo ndani yake, lakini vitabu hivyo hutupwa pamoja na boksi. Mashine ya namna hii husafishwa kwa kuichomoa ukutani, kumwaga pipa, kutoa vipande kwa kibano na brashi, kisha kupaka visu mafuta yake maalumu. Mafuta ya kupulizia ya kopo nayo yasikaribie.

Mota za brashi ziko kwingine pia: kwenye cherehani nyingi za umeme, drili, mashine za kufyonza vumbi. Fundi cherehani asipulizie mota yake kwa kopo huku mguu uko kwenye pedali. Saluni zina hatari maradufu, kwa sababu nyaya za kikausha nywele zinakuwa nyekundu kwa joto, na wapo vinyozi wanaomwagia mashine ya kunyolea spiriti na kuiwasha.

Kwa wenzetu wa Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wachapishaji hapa Kampala, ambako printa na fotokopi hazipumziki: roli inayochoma wino wa unga ina kipasha joto ndani yake, na pembeni kuna relei zinazokata na kuunga umeme. Zima, chomoa, fungua milango ya mashine, ngoja nusu saa. Hata hapo sioni sababu ya kutumia kopo. Wino wa unga ni laini mno, ukipulizwa unaelea na kuingia mapafuni, au unahamia kwenye vioo na kuharibu kazi. Ufyonzwe kwa mashine yenye kichujio cha wino wa unga, au upanguswe kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.

Jambo jingine linahusu umeme wetu. Watu wengi hungoja umeme ukatike ndipo wasafishe, wakidhani mashine zimelala. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, haijalala. Inaendelea kutoa umeme kutoka kwenye betri yake, na umeme wa mtaani au wa jenereta ukirudi, relei zake zinagonga, feni zinaamka, printa inaanza kujipasha. Hiyo ni dakika mbaya kuliko zote ikiwa chumba kimejaa gesi. Kuzima swichi hakutoshi wala kukatika kwa umeme hakutoshi. Plagi itoke ukutani na itoke kwenye UPS, na UPS yenyewe izimwe au itolewe chumbani.

Ikiwa hamna budi kutumia kopo linalowaka, kazi ifanyike barazani au kwenye chumba chenye madirisha na mlango wazi. Sigiri, mshumaa, dawa ya mbu ya kuchoma na sigara viwe mbali au vizimwe. Jenereta isiwe upande unakoelekea upepo. Toa betri ya kompyuta ya mkononi ikiwa inatoka. Kile kisanduku cha ndani ya kasha kinachopokea umeme wa ukutani (power supply) kisifunguliwe wala kisipulizwe, kwani kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Zuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu inazalisha umeme na kuharibu beringi. Shika kopo wima, mrija uwe umbali wa shubiri moja, bonyeza sekunde moja au mbili, pumzika, bonyeza tena. Usitikise kopo. Ukimaliza, acha kasha wazi kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kurudisha plagi.

Kushika kopo wima si urembo. Likilala au likiinuliwa kichwa chini, badala ya gesi yanatoka maji yenyewe, na mililita moja ya maji hayo hugeuka zaidi ya mililita 300 za gesi. Yanachemka kwa nyuzi 25 chini ya sifuri, hivyo yakigusa ngozi yanaigandisha na kuiua sawa na kuungua. Mtu akipatwa, loweka kidonda kwenye maji ya uvuguvugu. Usisugue, usitumie maji ya moto, na nguo iliyogandia ngozini usiivute. Ikiwa ni jicho, limiminie maji safi kwa dakika 15 kisha hospitali.

Kopo linavumilia joto la hadi nyuzi 50. Gari lililoegeshwa juani linapita hapo kwa urahisi, hasa juu ya dashibodi, na kibanda cha mabati mchana si salama zaidi. Kutoka nyuzi 20 hadi 50 mgandamizo ndani ya kopo la HFC-152a huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo lisiachwe kwenye teksi, kwenye boksi la boda boda, dirishani wala karibu na jiko. Likipoa mkononi na upepo ukapungua, liache lipumzike. Wako wanaolipasha kwenye maji ya moto au juu ya kikausha nywele ili lipate nguvu, na hao wanatengeneza bomu kwa mikono yao. Anayesafiri kwa ndege kutoka Entebbe asilifunge kwenye mzigo wowote, wa mkononi au wa chini. Halikubaliwi.

Wazazi na walimu wa shule zenye maabara za kompyuta wanisikilize hapa. Kuvuta gesi hii kwa makusudi kunaua, na kunaweza kuua mara ya kwanza kabisa. Gesi hulegeza mpangilio wa mapigo ya moyo, kisha mshtuko wowote, hata wa kukimbizwa au kukemewa, unausimamisha. Ukimkuta kijana amevuta, usimfukuze wala usimpigie kelele. Mpeleke penye hewa safi, mkalishe atulie, umpeleke hospitali. Akizimia na hapumui, mbinyie kifua mfululizo huku msaada ukitafutwa. Makopo ya shule yafungiwe kabatini na kuhesabiwa.

Moto ukitokea, mwali wa kwanza huwa mfupi, lakini unaacha karatasi na vumbi vikiwaka. Kata umeme kwenye swichi kuu, tumia kizimamoto cha unga au cha kaboni dioksidi, si maji kwenye mashine yenye umeme. Gesi zenye florini zikiungua hutoa hidrojeni floridi, moshi mkali unaochoma macho na koo. Ukiuhisi, toka, usirudi kuokoa kompyuta. Aliyeuvuta au kuguswa nao aende hospitali hata akijiona mzima, na amwambie daktari ni gesi gani iliyoungua. Kukiwa na makopo mengine ndani ya chumba, kaeni mbali, kwani yakipasuka huruka. Zimamoto wa polisi wanapatikana kwa 999 au 112.

Kopo likiisha bado lina gesi. Takataka zetu nyingi huchomwa uani, na watoto husogea kutazama. Kwa hiyo, kabla ya kulitupa, lipeleke nje mbali na moto, lishike wima, bonyeza mpaka lisitoe sauti yoyote. Usilitoboe. Ukimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, mweleze lilikuwa na nini, maana yeye ndiye atakayeliponda.

Ofisi nyingi hazihitaji kopo hata moja. Kipulizio cha mpira wanachotumia wapiga picha kinatosha kwa kibodi na lenzi. Kipulizio cha umeme chenye kichujio kinasafisha kompyuta kumi mfululizo bila gesi. Karakana yenye kompresa ishushe mgandamizo hadi baa 2 mdomoni, imwage maji ya tangi kila asubuhi, iweke kichujio cha unyevu, na fundi avae miwani. Maofisa ununuzi waache kuandika tu "kopo la kupulizia vumbi" kwenye fomu zao, kwa sababu hapo bei ya chini ndiyo itakayoshinda. Waandike kwamba gesi iwe isiyowaka na jina lake lionekane kwenye kopo, au waagize kipulizio cha umeme. Nawaomba UNBS, shirika la viwango la Uganda, wakague makopo haya madukani, hasa yale yaliyobandikwa karatasi mpya juu ya maelezo ya kiwandani, na waagizaji waweke onyo la Kiswahili na la Kiganda upande wa mbele, kwa herufi zinazosomeka.

Fundi wa mashine za ofisi,
Kampala